Lisbon, baridi iko ndani ya nyumba
Nakuja huku nilijua baridi itakuwa nje, kumbe bwana iko ndani! Nyumba za zamani za mtaa wa Alfama nyingi hazina hita ya maana, basi Januari yote napiga kazi kwenye laptopu nimejifunika blanketi na kofia kichwani kama mlinzi wa usiku, halafu mteja wa Dar anataka kikao saa mbili asubuhi ambayo kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, giza totoro. Na viza yenyewe, D8, ya wanaofanya kazi za nje kwa mtandao, ilianza 2022, wanataka kipato mara 4 ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Kodi ya nyumba ndo usiseme, inapanda mlima kama tramu namba 28. Ila pastel de nata, kile kikeki cha kastadi, ikiwa ya moto, mdalasini juu, aisee hapo nanyamaza.