Barua 19 na Mipira Tisa

Barua 19 za kuomba kazi ya ukocha zilifika ndani ya wiki mbili. Tatu kati yake zilikosea hata mkoa ambao timu inatoka. Ilikuwa Julai 2017, kocha wa msimu uliopita ameshafungasha, na sisi tuko Ligi Daraja la Kwanza, daraja lililokuwa chini ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo barua zilipita mezani kwangu, pamoja na simu za usiku za kila mdau mwenye mjomba anayefundisha mpira.

Msimu uliokuwa mbele haukuwa wa kawaida. Timu zilikuwa 24, makundi matatu ya timu nane nane, nyumbani na ugenini: mechi 14, basi. Ligi Kuu ilikuwa inapanuliwa kutoka timu 16 hadi 20, hivyo sita zingepanda, mbili kila kundi. Ukipata nafasi kama hiyo kila mtu anaota jina kubwa. Lakini piga hesabu: kocha akihitaji mechi sita kuwajua wachezaji wake, ameshamaliza karibu nusu ya ligi. Tulikuwa tunamtafuta mtu wa wiki sita za maandalizi na miezi michache ya vita, na wachezaji 16 walikuwa na mikataba tayari. Anayetaka kujenga timu upya asingetufaa, hata angekuwa hodari vipi.

Kazi ya kwanza ilikuwa vyeti. Kanuni za ligi hutaja kiwango cha chini cha leseni kwa kocha mkuu, na hapo ndipo klabu ndogo zinapotapeliwa. Cheti cha kuhudhuria kozi si leseni. Kina nembo, kina muhuri, kina saini, lakini kinasema tu kwamba fulani alikaa darasani. Tulikuta vitano vya namna hiyo. Leseni ina ngazi, na ina tarehe ya kuisha. Mbili zilikuwa zimeshakufa. Moja ilikuwa nakala ya nakala, jina limekaa juu kidogo kuliko mstari wake, na herufi zake si za mashine iliyoandika maneno mengine. Tulimwomba mwenyewe alete halisi. Hakupokea simu tena. Waliobaki tuliwahakiki kupitia chama cha mpira cha mkoa na TFF, shirikisho la soka la nchi, na hadi hapo barua 19 zilikuwa zimebaki saba.

Kisha simu. Kosa tulilofanya mwanzoni ni kuwapigia viongozi wa klabu walizotoka. Kiongozi aliyemfukuza kocha atamponda, na anayetaka kumwondoa aliye naye atamsifu kama malaika. Wa kuwapigia ni mtunza vifaa na kipa wa pili. Kipa wa pili hachezi, kwa hiyo anaona kila kitu, na atakwambia kama kocha anafika mazoezini kabla ya wachezaji au baada yao. Mtunza vifaa mmoja alinijibu hivi: “Huyo mwalimu hana shida kaka, ila ukimchelewesha mshahara anahamia kwenye simu.” Maana yake, mazoezi yanaendelea na yeye yupo pembeni anaongea na simu. Tulimkata.

Tukabaki na watatu. Mwenyekiti alitaka usaili wa mezani umalize mambo. Tuliufanya, na haukutusaidia sana. Wote wanapenda soka la pasi, wote wanaamini vijana, wote wana nidhamu. Mzee mmoja wa kamati aliuliza swali lake la miaka yote: “Mwalimu, na ile kamati nyingine ya ufundi unaifahamu?” Kila mtu chumbani alijua haulizi habari za mbinu za uwanjani, bali za waganga. Wawili walicheka. Wa tatu alijibu kwa adabu, “Shikamoo mzee wangu. Hiyo fedha tununue mipira.” Mzee alinuna mpaka chai ilipoletwa.

Kilichotufumbua macho ni mazoezi. Tulimpa kila mmoja jioni moja, saa kumi kamili, dakika 90, wachezaji walewale 22, mipira tisa, koni 16, vizibao seti moja. Hatukumwambia mtu kuna mipira mingapi. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu wa michezo, alichagua kijana mmoja, beki wa kulia, akawa anahesabu mara anazogusa mpira kwa njiti za kiberiti: kila mguso, njiti moja inahama kutoka mfuko wa shati kwenda wa suruali.

Wa kwanza aliwahi kucheza Ligi Kuu, na mfadhili wetu alikuja na gari kumwangalia. Alizungumza dakika 20 huku vijana wamesimama, miili inapoa. Halafu raundi nne za uwanja. Halafu foleni: wachezaji 20 mstari mmoja, pasi kwa kocha, anaupiga pembeni, piga golini. Aliyepiga nje anaufuata mwenyewe kwenye migomba. Nusu saa nzima, beki wetu wa kulia aligusa mpira mara 12. Mwalimu mstaafu alinionyesha mfuko wa shati, njiti zimejaa. Jukwaani watu walipiga makofi, kwa sababu mashuti yalikuwa makali.

Wa pili alikuwa kijana, leseni C, anafundisha shule ya msingi. Alifika saa tisa na nusu, akaukagua uwanja kwa miguu, akauliza upande gani maji hutuama mvua ikinyesha. Akawauliza vijana nani hajala mchana. Mikono minne ilinyanyuka. Hao akawapunguzia mbio. Alikata uwanja vipande vitatu, wanne wanacheza dhidi ya wawili, dakika mbili kazi, dakika moja pumziko, anahama kipande hadi kipande na kurekebisha jambo moja tu: mguu wa kupokelea. Robo saa haijaisha njiti zilikwisha kuhama zote, mwalimu mstaafu akaanza kuzirudisha.

Wa tatu, yule wa mipira, alikuwa na leseni B, ngazi ya juu ya C, na umri wa kutosha kuwa baba yao. Hakuwa na mbwembwe. Alitumia dakika 40 kwenye kona na faulo za pembeni, kona za kujilinda kwanza, akimsogeza kila mtu hatua moja moja kwa kumshika mabega. Daraja lile mechi nyingi zinaamuliwa na mpira uliokufa kwenye uwanja mbovu, na yeye peke yake alionekana kulijua hilo.

Kura ilikuwa ngumu. Mfadhili alimtaka wa kwanza, na mfadhili ndiye aliyelipa mafuta ya basi. Mjumbe mmoja akaleta dawa ya mkato: tumpe kijana timu, halafu tukodi jina la mwenye leseni kubwa akae benchi. Wengi wamefanya hivyo. Matokeo yake ni benchi lenye sauti mbili. Dakika ya 70 mmoja anatoa mshambuliaji, mwingine anauliza nani kakuruhusu, na wachezaji wanachagua wa kumsikiliza. Tuliikataa. Kwa kura tano kwa nne tukamchukua mzee wa kona kuwa kocha mkuu, na kijana akawa msaidizi kweli, si wa mapambo.

Mkataba ulituchukua siku mbili. Miezi kumi. Mshahara una tarehe, si “mwisho wa mwezi”. Usajili: kocha anapendekeza, kamati inalipa, hakuna mchezaji anayeletwa na mjumbe bila kufanya mazoezi siku tatu mbele ya kocha. Orodha ya kikosi haitoki kwa mtu yeyote kabla ya kikao cha wachezaji. Hili aliliomba yeye, nasi tulijua kwa nini. Kuvunja mkataba ni notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, na mshahara wa mwezi huo unalipwa kabla mtu hajarudisha funguo. Wajumbe walibishana zaidi kuhusu kipengele hicho kuliko mshahara wenyewe. Lakini kocha aliyefukuzwa bila malipo anafungua madai, na madai hukufikia wakati unataka kusajili.

Alisaini Jumanne saa nane mchana. Tulikuwa tumeandaa soda na mpiga picha. Alikunywa nusu chupa, akaniomba ufunguo wa stoo. Tulikwenda wote wawili pamoja na yule kijana msaidizi wake, kocha akaitoa mipira mmoja mmoja, akaibonyeza kwa dole gumba, akaipanga ukutani. Tisa. Mitatu haina upepo, na sindano ya pampu imevunjikia ndani ya mmoja.

“Katibu,” akasema, “kesho saa kumi nataka kumi na nane.”