Siku moja karakanani: kuirudisha Windows 98 hewani kwa laini ya simu

Saa 2:00 asubuhi. Mezani ipo Pentium MMX ya MHz 200, RAM MB 32, Windows 98 SE, pamoja na modemu ya nje ya 56K, kifaa kinachogeuza data kuwa milio ya simu, kwa kasi ya hadi kilobiti 56 kwa sekunde. Kazi ya leo ni kuiingiza mtandaoni kwa kupiga simu, kama zamani. Namba ya kupigia ndiyo adimu siku hizi: hata AOL ya Marekani ilifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo najenga ncha zote mbili. Upande wa kupokea ni Raspberry Pi yenye modemu ya USB, na katikati naweka Linksys PAP2T, kisanduku cha simu za intaneti chenye matundu mawili ya RJ11. Hicho ndicho kinachojifanya shirika la simu.

Saa 2:20. Chomoa umeme, fungua kasha, brashi kwenye vumbi. Betri ya CR2032 inasoma volti 2.4, nabadilisha, mpya husoma 3 na kidogo. Betri ikifa, kompyuta husahau saa pamoja na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha), ikiwemo ya poti tunazozihitaji leo.

Saa 3:00. Poti za siriali, na hapa usiwe na haraka. Zinaitwa COM1 hadi COM4. COM1 na COM3 hutumia IRQ 4, yaani mstari mmoja wa kuiita prosesa. COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Mausi ya siriali ikikaa COM1, halafu modemu ya ndani ikapangwa COM3, mausi huganda pale tu simu inapopigwa, na watu huishia kununua mausi nyingine bure. Mausi ya leo iko COM1, basi modemu naichomeka COM2 na naizima poti yoyote ya ziada kwenye BIOS.

Kagua pia chipu ya poti. Ya 16550A ina akiba ya baiti 16. Za zamani, 8250 na 16450, hubeba baiti moja tu, hivyo prosesa ikichelewa kidogo herufi zinapotea. Waya uwe wa moja kwa moja, pini 9 upande wa kompyuta na 25 upande wa modemu. Waya wa kuunganisha kompyuta mbili umefanana nao kwa nje lakini ndani umepishanishwa, na kwa modemu haufai.

Saa 4:00. Kabla ya kuigusa mipangilio ya Windows, naongea na modemu kwa mkono. Nafungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kutuma amri kwa maandishi: COM2, kasi 115200, biti 8, bila pariti, udhibiti wa mtiririko wa maunzi. Naandika AT, inajibu OK. Kama kimya, tatizo ni waya, poti au umeme wa modemu, na hakuna draiva itakayolitibu. Kisha AT&F kurudisha mipangilio ya kiwandani. Mafundi wengi hukimbilia draiva kwanza, halafu wanahangaika mpaka jioni bila kujua kama modemu iko hai.

Saa 5:00. PAP2T. Laini ya kwanza, ya modemu ya Windows, husikiliza poti ya mtandao 5060, ya pili, ya modemu ya Raspberry Pi, 5061. Naiambia ikubali kupiga na kupokea bila kujisajili popote, kisha kwenye mpango wa upigaji naelekeza namba 101 iende kwenye anwani ya kisanduku chenyewe, poti 5061. Halafu yale yanayoua modemu yote yanazimwa: kuondoa mwangwi, kuzima sauti wakati wa ukimya, na akiba ya kuchelewesha sauti inayojibadilisha yenyewe. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ni G.711 tu, isiyobana sana. Kodeki za kubana kama G.729 zimetengenezwa kwa koo la binadamu. Zikipewa milio ya modemu zinaivuruga.

Nainua simu ya kawaida, nausikia mlio wa laini wa Kimarekani, 350 na 440 Hz. Modemu isipoutambua mlio wa nchi nyingine, Windows hutoa kosa 680. Dawa yake ni amri ya ATX3, ili ipige bila kuusubiri.

Saa 7:00 mchana. Chakula. Wakati huohuo folda ya WIN98 inanakiliwa kutoka kwenye CD kwenda diski, maana kila ukiongeza kitu Windows itaidai CD hiyo.

Saa 7:45. Raspberry Pi. Modemu ya USB, USR5637, inaonekana kama /dev/ttyACM0 bila draiva. Naweka mgetty, programu ya kupokea simu, na ppp, ya kupitisha intaneti juu ya laini ya simu. Mgetty inaendeshwa kwa -x0 -D ili ijibu data tu, si faksi. Kwenye login.config naondoa alama ya # mbele ya mstari wa /AutoPPP/. Kwenye chaguo za ppp naandika anwani mbili, 192.168.50.1:192.168.50.2, na anwani ya DNS, seva inayotafsiri majina ya tovuti. Jina na nenosiri vinakaa kwenye faili ya pap-secrets. Usisahau kuruhusu ip_forward na kanuni ya MASQUERADE, zinazoipitisha kompyuta kwenye intaneti kupitia Pi, la sivyo kompyuta itaunganishwa vizuri na isifike popote.

Saa 9:00 alasiri. Sasa Windows. Nasakinisha modemu, naunda muunganisho mpya ndani ya "Dial-Up Networking", namba 101. Kwenye aina za seva naacha TCP/IP peke yake. Naondoa tiki za NetBEUI, IPX/SPX na "Log on to network", vitu vya mtandao wa ofisi vinavyorefusha kuingia bila faida hapa.

Saa 9:30. Napiga. Mlio mrefu wa 2100 Hz kutoka upande wa pili, kisha mikwaruzo, kisha kimya. Inaunganika kwa 31,200, dakika mbili baadaye inakatika. 56K haipatikani hapa hata kwa dawa: V.90, kiwango cha 56K, inahitaji upande mmoja uwe wa kidijitali kabisa, na modemu mbili za kawaida mwisho wao ni 33,600. Ila kukatika ni jambo jingine: saa za vifaa viwili hupishana kidogo, pakiti moja ya sauti ikikosekana modemu huanza kujipanga upya. Kwenye mgetty naongeza AT+MS=V32B, ishuke hadi 14,400. Polepole, lakini inatulia, na nusu saa nzima haijakatika.

Saa 10:30 jioni. Internet Explorer 5 inafungua FrogFind, tovuti ya kutafutia iliyotengenezwa kwa mashine kama hizi. Tovuti nyingine nyingi zinakataa, kwa sababu zinadai TLS 1.2 au zaidi, ulinzi wa siri ambao kivinjari hiki cha zamani hakiujui. Si kosa la laini. Hapo panahitaji proksi, programu ya kati inayozichukua tovuti kwa niaba yake, kwenye Raspberry Pi, ya kesho. Kwa kasi hii MB 1 ni karibu dakika 10, basi nazima picha kwenye kivinjari.

Saa 11:10. Nakata muunganisho na kufungua HyperTerminal kwa jaribio la mwisho: ATDT101, CONNECT. Sekunde moja ya kimya, +++ ya kurudi kwenye amri, sekunde nyingine, OK. ATH, amri ya kukata simu. Taa ya OH, ya simu iliyoinuliwa, inazima.