Alilipandishaje?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Ayubu 14, mstari wa 18 na wa 19. Lakini kabla hamjafungua Biblia, niwaeleze lilivyonitoa jasho.

Jumapili mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu kufundisha watoto. Darasa letu, kwa wasiolijua, ni kivuli cha ukuta wa kanisa, na ukikaa pale unatazamana na kilima chenye yale mawe yetu ya Mwanza. Jiwe juu ya jiwe, na la juu kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili, limekaa kama mtu aliyeliweka alisema nakuja sasa hivi, asirudi tena. Somo lilikuwa uumbaji. Nikanyoosha kidole kule juu, nikasema, "Mnaiona kazi ya Mungu?" Wakaitikia wote. Ndipo binti mmoja wa miaka saba hivi, anayekaa mbele siku zote kwa sababu akikaa nyuma anasumbua, akauliza, "Mwalimu, alilipandishaje?"

Nikamwambia Mungu ana nguvu zote. Akasema hilo analijua. "Sasa alilipandishaje?"

Nikagawa peremende, tukafunga kwa sala.

Jumatatu nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, nikamuuliza swali lile lile kama vile ni langu. Akacheka. "Halikupandishwa," akasema. "Lilikuwa hapo hapo. Chini ndiko kulikoshuka."

Naomba mnivumilie hapa, maana sehemu hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mwamba wa kwetu ni graniti, na wanajiolojia wanauhesabia zaidi ya miaka bilioni 2.5. (Najua wapo kati yetu wenye neno kuhusu hesabu hiyo. Tutaongea baada ya ibada.) Ulikuwa mwamba mmoja, umefunikwa na ardhi. Ukapata nyufa, nyingine za wima, nyingine za ulalo, kama mkate uliokatwa lakini haujatenganishwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa hizo, na kila yalipopita, mwamba ukalainika, ukaoza, ukawa changarawe na udongo. Kona huliwa kwanza kwa sababu hushambuliwa pande tatu kwa mara moja. Angalia kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye beseni, utaona kilivyo mviringo. Hayo yote yalitokea gizani, chini ya ardhi, pasipo mtu wa kuyaona. Baadaye mvua za miaka isiyohesabika zikauchukua ule udongo uliooza, kidogo kidogo, na mawe magumu ya katikati yakabaki pale pale yalipokuwa tangu mwanzo, la juu likiwa juu ya la chini. Hata lile la Bismarck, pale ziwani karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo Wajerumani walilipa jina la kansela wao, hakuna aliyelibeba.

Nimeokoka miaka mingi, na katika miaka hiyo nimeomba kupandishwa. Nipandishe kiwango kingine, Bwana. Niinue juu ya hawa na wale. Nyimbo zetu zimejaa kupanda, na mahubiri yetu ya mkesha wa mwaka mpya ndiyo usiseme. Sasa nimekaa mbele ya kilima nilichokizoea tangu utoto na kugundua kwamba lile jiwe ninalolitolea mfano wa kuinuliwa halijawahi kuinuliwa hata kidogo. Lilichofanya ni kubaki.

Sasa Ayubu. Anasema mlima huanguka ukatoweka, jabali huondolewa mahali pake, maji huyala mawe, mafuriko huuchukua udongo wa nchi, na hivyo ndivyo Mungu anavyoliharibu tumaini la mtu. Ni jiolojia ile ile ya jirani yangu, ila inasemwa na mtu aliyezika watoto kumi. Niliposoma mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha: Ayubu, tazama kilichobaki basi! Nikajizuia. Rafiki zake watatu walishafanya kazi hiyo, na mwisho wa kitabu tunajua Mungu aliwaambia nini. Kwa hiyo nawasihi, msichukue habari ya udongo kuondolewa mkaenda nayo kwenye msiba wa mtu. Ayubu anasema kweli. Mawe huanguka.

Lipo lililoanguka likajulikana dunia nzima. Katika mji wa Tandil, Argentina, palikuwa na jiwe la tani kama 300 lililokaa ukingoni mwa kilima, likipembea taratibu bila kuanguka. Watu walikuwa wakiweka chupa chini yake waone zikisagwa. Tarehe 29 Februari 1912 likaporomoka na kuvunjika. Miaka 95 ilipita, ndipo mwaka 2007 wakaweka jiwe la kuigiza mahali pale, nalo limefungwa imara, halipembei. Siwacheki. Sisi wenyewe tuna ibada tulizozirudisha hivyo hivyo baada ya uhai wake kuanguka.

Na Zimbabwe, nje kidogo ya Harare, yapo mawe ya Epworth, mahali palipopewa jina na wamisionari wa Kimethodisti kwa kukumbuka alikozaliwa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Mawe hayo yalichorwa kwenye noti za nchi. Mwanzoni mwa 2009 ikatoka noti ya dola trilioni 100, na yale mawe matatu yamesimama juu yake kwa utulivu kabisa, huku noti yenyewe ikielekea kutonunua kitu. Mwaka huo huo fedha ile ikaachwa. Mawe bado yapo.

Lakini kilichonigusa kuliko hayo ni kazi ya wataalamu wa matetemeko. Kuanzia miaka ya 1990, Profesa James Brune wa Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani, na wenzake walianza kuyatafuta mawe ya namna hii katika Nevada na California, yale yaliyokaa kwa shida, ambayo ungesema mtoto akiegemea yanaanguka. Jiwe husimama ilimradi uzito wake unashukia ndani ya pale linapokalia, kama mama aliyejitwika ndoo na kuachia mikono. Ukijua umbo lake, unaweza kukadiria mtikiso wa kiasi gani ungeliangusha. Na ukijua limekaa hivyo kwa maelfu ya miaka, basi unajua kwamba kwa muda wote huo mtikiso wa kiasi hicho haujafika hapo. Karibu na San Andreas, ule ufa mkubwa wa ardhi huko California unaoleta matetemeko, mawe hayo ni adimu. Ukisogea mbali nao ndipo unaanza kuyaona.

Mnaona wanavyolisoma jiwe? Sisi tukiliona tunasema, lo, jiwe imara! Wao wanasema: hapa hapajatikiswa. Kusimama kwake kunaeleza habari za ardhi, wala hakulisifu jiwe.

Hapo nilifunga daftari. Maana nimetoa shuhuda nyingi kanisani, na mkizikumbuka mtaona karibu zote zinahusu jiwe. Sijawahi kunywa pombe. Ndoa yangu imesimama miaka ishirini na mbili. Watoto wangu hawajanisumbua. Nikisimama kusema hayo, nyuma yangu ameketi dada ambaye ndoa yake iliishia mahakamani, na ndugu aliyerudi kwenye chupa mara tatu. Paulo anawaandikia Wakorintho, "Kwa hiyo anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke." Nilikuwa nausoma mstari huo kama onyo kwa wenye dhambi za siri. Sasa nauliza swali lingine: mimi nimewahi kutikiswa? Baba yangu hakuwa mlevi. Sijawahi kukosa kazi kwa zaidi ya miezi minne. Huenda nimekaa kwenye kona ndogo sana ya jiwe, na ufa uko mbali nami, basi.

Tarehe 10 Septemba 2016 wengi wetu tuliusikia mtikiso, mabati yakalia kidogo, tukatoka nje na kurudi ndani. Bukoba walizika watu. Juma lililofuata nilisikia mtu, tena mtumishi, akisema Mwanza tumelindwa kwa sababu tunaomba. Sikumjibu siku hiyo, nami naona haya kwamba sikumjibu. Bukoba hawaombi?

Nigusie jambo moja upesi kisha niendelee. Mwaka 1824 huko Treen, Cornwall, Uingereza, luteni mmoja wa jeshi la majini aitwaye Hugh Goldsmith alikwenda na mabaharia wake na mitaimbo, wakaling'oa jiwe la tani kama 80 lililokuwa likipembea juu ya jabali, ili kuonyesha kuwa linaweza kung'oka. Wanakijiji wakachachamaa. Ikabidi alirudishe, kwa kapi na kamba na minyororo, kazi ya miezi, na inasemekana halijapembea vizuri tangu hapo. Na mwaka 2013 huko Utah, viongozi wa skauti walisukuma jiwe la kale huku wakijirekodi na kushangilia, kisha wakajitetea kwamba lingeweza kumwangukia mtoto. Tukikaa kumjadili mwenzetu aliyelegalega, tukasema tunafanya hivyo kwa usalama wa kanisa, nawakumbuka wale. Kuna anayestahili kushikiliwa, na huwa tunamjaribu kwa mtaimbo.

Basi, Jumapili iliyopita nilimwita yule binti. Nilikuwa nimejiandaa safari hii. Nilibeba karai la mchanga, nikazika humo mawe mawili, moja juu ya jingine, nikasawazisha juu pasionekane kitu. Kisha nikaanza kumwagia maji kwa kikombe, pole pole. Nyumbani nilikuwa nimejaribu mara tano, mara tatu likaanguka, kwa hiyo mkono ulikuwa unatetemeka na nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mchanga ukashuka. Jiwe la juu likachungulia, likatoka, likabaki limekaa juu ya mwenzake. Watoto wakapiga makofi.

"Kwa hiyo hakulipandisha," akasema.

"Hakulipandisha."

Akautazama mchanga unaotiririka kwenye ukingo wa karai kuelekea bondeni mwa uwanja. "Na ule udongo wa mlimani ulikwenda wapi?"

Hilo sikuwa nimeliandaa, lakini kwa neema nilikuwa na jibu, maana mimi ni Msukuma na nimelima. Nikamwambia mwingine uko ziwani. Mwingine ulibaki njiani, ndio ule luseni, udongo wa kichanga wa kupandia mihogo na karanga. Na ule laini ulikwenda hadi chini kabisa, mbugani. Nikamuuliza bibi yake analima wapi. Akasema Misungwi, kwenye majaluba ya mpunga.

Akanyamaza. Akakitazama kilima, akalitazama karai.

"Wali wa bibi ulikuwa huko juu?"

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa huko juu, umelizunguka lile jiwe.

Akaniomba kikombe, amwage yeye. Nikamzikia mawe upya. Maji aliyamwaga kwa pupa, kikombe kizima kwa mkupuo, na jiwe likabiringika hadi kwenye viatu vyake. Wenzake wakamcheka. Akaliokota, akalipangusa kwenye gauni, akalizika tena.