Nimemwona dume wa malaria akizaliwa

Jamani, leo maabara nimeona kitu nilichokuwa nakisoma tu vitabuni. Tone la damu yenye gametositi (chembe za uzazi) za Plasmodium, kimelea cha malaria, lilikuwa chini ya hadubini, limeachwa lipoe kidogo. Kwa muda kimya. Halafu chembe moja ikaanza kutikisika, ikatoa mikia inayochapa huku na huko hadi seli nyekundu za jirani zikasukumwa!

Haya hutokea ndani ya tumbo la mbu. Kimelea kikitoka kwenye mwili wetu wenye joto, kinahisi ubaridi, kinakutana na asidi ya zanthureniki ya mbu, na hapo ujumbe unaanza kupokezanwa. Kimeng'enya PKG kinaamka, kalsiamu inafunguliwa ndani ya seli, kisha kalsiamu inaamsha kimeng'enya kingine, CDPK4. Hicho ndicho kinachoruhusu DNA kunakiliwa mara tatu mfululizo. Robo saa hivi, chembe moja imezaa mbegu 8 za kiume. Kasi hiyo inanishangaza mpaka sasa.

Mwaka 2004 watafiti waliondoa jeni ya CDPK4 kwenye kimelea cha malaria ya panya. Mbegu za kiume hazikutokea, na mbu hakuweza kueneza ugonjwa. Tena vimeng'enya vya jamii hii mimea inavyo, binadamu hatuna, kwa hiyo dawa inaweza kuvilenga bila kugusa vya kwetu.

Dawa ya kumzuia mbu asibebe malaria kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa jirani yake: hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya.