Tulivyolipwa fedha za mwamba Masasi

Ukichimba msingi Masasi, unaweza kukutana na mwamba hata pale BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, ilipoandika udongo wa kawaida. Ndivyo ilivyotukuta sisi wakandarasi. Mhandisi mshauri akakataa kulipia mwamba, tukapeleka mgogoro kwa adjudiketa, mwamuzi wa kwanza wa migogoro aliyetajwa kwenye mkataba. Akatupa fedha za mwamba, akatunyima gharama za mashine zilizosimama.

Mkataba wetu ulisema asiyeridhika apeleke shauri kwa msuluhishi (arbitrator) ndani ya siku 28 tangu uamuzi utolewe kwa maandishi. Zikipita kimya, uamuzi ni wa mwisho na unafunga pande zote. Mwenzangu alitaka tupinge kile kipengele cha mashine. Nilikataa katakata. Tukienda kwa msuluhishi sisi, mwajiri, yaani mwenye mradi, naye anapata nafasi ya kufufua ubishi wa mwamba, na fedha za mwamba zilikuwa nyingi kuliko za mashine.

Nakala ya uamuzi niliipeleka mwenyewe masijala kwa mwajiri. Nikasubiri hadi mhuri wa kupokelewa ukagongwa, tarehe ikasomeka vizuri, na karani akasaini kwenye kitabu changu cha barua.

Siku 28 zikaisha kimya. Baadaye wakaandika kuwa adjudiketa alikosea hesabu, turudi saiti tukapime upya. Nikajibu kwa ukurasa mmoja: kosa la hesabu lilikuwa la kupelekwa kwa msuluhishi, na muda umepita. Wangesema hawakusikilizwa, au kwamba ameamua jambo ambalo hakupelekewa, hapo wangekuwa na hoja. Lakini kwenye kikao walikuwepo, na karatasi za vipimo walizisaini wao. Nikaziambatisha, pamoja na ukurasa wenye mhuri.

Kulipwa ndiko kulikokuwa kugumu. Uingereza wana sheria ya mikataba ya ujenzi ya mwaka 1996, na mahakama zao husimamia uamuzi kama huu haraka hata ukiwa na kosa ndani yake. Kwetu nguvu yake inatoka kwenye mkataba. Tena mwajiri wetu ni taasisi ya umma: huwezi kumshtaki bila notisi ya siku 90, wala mali yake haikamatwi. Basi nikadai kama deni lililoiva, na riba ya ucheleweshaji juu yake, nikawaeleza kuwa kutolipa ni kuvunja mkataba upya, na hilo pekee ndilo nitakalolipeleka kwa msuluhishi. Nakala moja kwa mhasibu wao, nyingine kwa mwanasheria wao. Huyu mwanasheria ndiye aliyelisukuma faili. Walilipa kwa mafungu mawili, la pili likiwa na riba.