Nilivyoiamsha akaunti yangu iliyolala

Kwa miaka kadhaa niliamini akaunti yangu ya zamani ilikuwa hai, kwa sababu salio lake lilikuwa likibadilika. Leo riba imeingia, kesho makato yameimega. Kitu kinachocheza hivyo kimelala vipi?

Siku nilipozihitaji fedha, mashine ikairudisha kadi. Nikaenda tawini. Dada wa kaunta akatazama kompyuta, kisha akaniambia, "Kaka, hii imelala."

Nikambishia, nikamwonyesha riba ya karibuni kwenye simu. Akanieleza kwa utulivu kwamba riba na makato ni kazi ya benki yenyewe, hayahesabiki. Kinachohesabika ni muamala ninaouanzisha mimi: kuweka, kutoa, kuhamisha. Muda wa kukaa bila muamala wa namna hiyo, kabla akaunti haijahesabiwa kuwa imelala, hutofautiana. Benki yangu ilihesabu miezi 12, nyingine huenda hadi 24.

Nilikuwa nimechukua kitambulisho, nikidhani kinatosha. Wakataka pia uthibitisho wa anwani, picha mpya na barua ya kuomba akaunti ifunguliwe. Lakini kilichonikwamisha hasa ni saini. Ile ya kwenye faili niliiandika nikiwa kijana mwenye mbwembwe, ina mkia mrefu na vitone viwili; ya sasa ni mkwaruzo tu. Nilijaribu kuiga saini yangu mwenyewe mara tatu, nikashindwa. Ikabidi nijaze fomu ya kubadilisha sampuli ya saini, nayo ikasubiri afisa wa pili aidhinishe. Nilikereka, lakini nikikumbuka kwamba akaunti isiyoangaliwa na mwenyewe ndiyo mawindo mepesi ya mwizi, hata wa ndani ya benki, siwalaumu. Baada ya siku chache niliambiwa niweke fedha kidogo, na akaunti ikafunguka.

Hofu yangu nyingine ilikuwa kwamba benki ingezimeza fedha zangu. Sivyo. Zikikaa mno, nchi nyingi huzihamishia kwenye chombo maalumu: Kenya, kwa sheria ya 2011, amana za benki huenda kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa baada ya miaka 5, India ni miaka 10, kwenye mfuko ulio chini ya benki kuu. Uingereza ina mpango wa namna hiyo kwa akaunti zilizolala miaka 15. Hata huko mwenyewe bado anaweza kudai, na akifariki, warithi wake. Ila hapo safari huwa ndefu kuliko yangu, na hutokea matapeli wanaodai ada ili "wakusaidie" kupata kilicho chako.

Sikuifunga akaunti. Nilibadilisha namba ya simu waliyokuwa nayo, maana taarifa zao zote za onyo zilikwenda kwenye laini niliyoitupa zamani. Sasa kila baada ya miezi michache nahamisha kiasi kidogo kwa mkono wangu, halafu nakirudisha.