Nilivyomwacha mgeni KIA kisa 07/08

Mimi kazi yangu ni kupokea wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro, nipo Moshi, na kingereza changu sio kile cha kuombea maji, ndo maana hii ishu iliniuma. Mama mmoja wa Marekani kaandika anafika 07/08. Nikasoma tarehe 7 mwezi wa nane, si ndo tulivyofundishwa shule, nikatulia zangu. Tarehe 8 mwezi wa saba usiku nakula ugali simu inaita, yupo KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mabegi chini, wenzie wote wameshachukuliwa. Nilitoka nduki na Noah ya jirani, kandambili miguuni, mafuta na ya kumpoza jirani ikaenda kama laki hivi, na njia nzima mama wa watu kimya.

Kesho yake mwenzangu ananiambia dogo, wazungu wote wanaanza na mwezi, we geuza tu. Nami bila akili nikageuza zoooote kwenye Excel! Kumbe Waingereza wanaanza na siku kama sisi, mtu wa London aliyeandika 09/10 nikamvuta kutoka Oktoba hadi Septemba. Na kompyuta yenyewe ilikua imesetiwa Kimarekani, ukiweka 07/08 inaimeza kama Julai, ukiweka 25/08 haielewi, inaiacha kama maneno tu imeegemea kushoto. Mi niliona nyingine kushoto nyingine kulia nikajua urembo.

Sasa hivi mwezi naandika kwa herufi. Mmarekani namwandikia July 8, 2025, na mkato baada ya siku, Muingereza 8 July 2025 bila mkato. Wakanada wanachanganya zote mbili, hao uliza tu. Mafaili ndo naanza na mwaka, 2025-07-08, yanajipanga yenyewe. Shida yangu ni June na July, sisi tumezoea mwezi wa sita mwezi wa saba, mpaka leo nahesabu kwa vidole chini ya meza.

Yule mama alifika kilele cha Uhuru, na bakshishi akatoa. Siku ya kuondoka nikamuuliza gari ije saa ngapi, akanijibu kwa Kiswahili alichookota mlimani, "saa nane". Nikampa kalamu aandike. Kaandika 8 pm.